Nusu mita ya waya

Watu wakisikia kwamba narusha picha kwa redio, swali la kwanza huwa lilelile: inavukaje mlima? Nakaa Tengeru, nje kidogo ya Arusha, na kwa mtu wa Tengeru mlima ni mmoja tu. Meru umesimama kaskazini, umeegemea magharibi kidogo, umeziba kipande kizima cha anga, na Ulaya yote iko nyuma yake. Swali ni la haki, nami hulijibu. Ila nikishamaliza huongeza kwamba mlima unasingiziwa mengi. Picha nyingi ninazoziona zimeharibika hazikuharibikia angani. Ziliharibika kabla ya kufika kwenye antena, mezani kwa mwenyewe, kwenye ule waya wa nusu mita unaotoka kwenye kompyuta na kuingia kwenye redio.

Kazi inayonilisha ni mitambo ya sherehe. Harusi, sendofu, kipaimara, ubarikio, na misiba pia, maana siku hizi msiba bila maiki watu wanaona kama haujapangwa. Nabeba spika, nachomeka miksa, nakaa nyuma ya ukumbi. Haipiti saa moja mjomba wa bwana harusi anakuja, ananiinamia sikioni: "Fundi, ongeza." Unaongeza. Akirudi mara ya pili sauti imeshaanza kupasuka, na yeye bado anataka uongeze. Sauti ikishapasuka ndani ya miksa hakuna spika itakayoitengeneza, hata ukodi zile za uwanja wa mpira. Nilipoingia kwenye redio ya ridhaa, ile ya watu wanaorusha kwa kupenda tu na si kwa biashara, nilimkuta mjomba huyohuyo yuko huko, safari hii ana leseni na antena.

Tuelewane kwanza picha inapitaje. Redio ya masafa mafupi imetengenezwa kupitisha sauti ya mtu akiongea, kwa hiyo inafungua mlango mwembamba tu, kuanzia kama hezi 300 hadi chini kidogo ya hezi 3,000. Chochote unachotaka kipite, sharti kwanza kiwe sauti inayoenea humo. Programu inaichukua picha na kuisoma mstari kwa mstari, nukta kwa nukta, na kila nukta inapewa mluzi wake. Nyeusi ni hezi 1,500. Nyeupe ni hezi 2,300. Vivuli vyote vya katikati vinapangwa kati ya hizo mbili, na kila mstari una mluzi mfupi wa chini, hezi 1,200, wa kumwambia anayepokea kwamba arudi pembeni aanze upya. Rangi zinakwenda kwa zamu. Kwenye mtindo unaoitwa Martin 1, mstari mmoja unapigwa mara tatu, kijani, bluu, halafu nyekundu. Mistari iko 256, kila mmoja una nukta 320, na kazi nzima inachukua sekunde 114. Scottie 1 inakwenda kama sekunde 110. Robot 36 ni sekunde 36, ila rangi zake zimebanwa.

Karibu dakika mbili, basi, kwa picha ambayo ni ndogo kuliko ile unayoweka kwenye wasifu wako wa WhatsApp. Sijaribu kumshawishi mtu kwamba hiyo ni haraka.

Aliyeanzisha mambo haya ni Mmarekani, Copthorne Macdonald, mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Alitumia vioo vya rada, vile ambavyo mwanga wake hauzimiki upesi, ili mstari wa juu uwe bado unaonekana wakati wa chini unapofika. Mfumo uliozoeleka baada yake ulikuwa wa mistari 120 kwa sekunde 8, rangi hakuna. Kwa miaka mingi baadaye ilibidi uwe na mashine maalumu, ghali, mpaka kadi ya sauti ya kompyuta ilipozifukuza sokoni. Mjapani Makoto Mori akaandika programu ya MMSSTV na kuigawa bure, na hadi leo hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye kompyuta nyingi za Windows zinazofanya kazi hii. Wenye Linux wana QSSTV.

Hiyo ni analogi. Picha ya kidijitali ni habari nyingine kabisa, ingawa waya ni uleule. Hapo programu haiimbi nukta. Inaibana picha mpaka ibaki kilobaiti chache, inaikata vipande vyenye namba, halafu inavirusha vipande hivyo juu ya makumi ya mawimbi madogo yanayokwenda sambamba ndani ya upana wa kilohezi mbili na nusu. Anayesikiliza kwa sikio anasikia mvumo tu, hakuna mluzi wa kuufuata. Wewe mrushaji unachagua unataka kila wimbi libebe kiasi gani: hatua 4, 16 au 64. Nne inakwenda polepole lakini inavumilia kelele. 64 ina kasi, na inataka njia safi ambayo huku kwetu hupatikana kwa bahati. Programu ya EasyPal ya Mwaustralia Erik Sundstrup ndiyo iliyowazoesha watu jambo hili. QSSTV nayo inaliweza.

Ninachokipenda kwenye kidijitali ni adabu yake. Kipande kikifika na hitilafu, kompyuta inakikataa na kuandika namba yake pembeni. Urushaji ukiisha, aliyepokea anarudisha orodha fupi: sijapata kipande hiki, na hiki, na hivi vitatu. Unamrushia hivyo tu. Na wengine wote waliokuwa wakisikiliza kimyakimya, kila mmoja na matundu yake, wanaokota humohumo kile walichokosa bila kuomba. Mwisho picha inakuwa kamili, sawasawa na ile iliyotoka, bila hata punje ya chenga.

Pamoja na hayo yote, mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na analogi, na hapa huwa tunabishana sana na wenzangu wachache tunaosikiana jioni. Hoja yao ni kwamba analogi ni ya wazee. Hoja yangu ni kwamba picha ya kidijitali inakupa majibu mawili tu, imekuja au haijaja, na ikigoma huambiwi kwa nini. Analogi inakushtaki waziwazi. Kila ugonjwa wa ule waya una sura yake kwenye picha.

Chukua picha iliyolala. Umepokea nyumba, na nyumba imeinama kama inataka kuanguka. Hapo saa ya kadi ya sauti ya mmoja wenu haiendi sawa na ya mwenzake. Kosa dogo sana linatosha: saa ikikosea sehemu 100 katika milioni moja, kwenye Martin 1 mstari wa mwisho unakuwa umesogea kama nukta 25 kutoka pale ulipotakiwa kukaa. Programu ina mahali pa kunyoosha. Ukinyoosha mara moja kwa kompyuta ile, umemaliza.

Chukua michirizi inayokwenda wima au mshazari picha nzima, giza na mwanga, giza na mwanga. Huo ni umeme wa ukutani, hezi 50, umeingia kwenye sauti kwa sababu chaja ya kompyuta na pawasaplai ya redio zote zimegusa ardhi na waya wako umezifunga duara. Mafundi wa muziki tunaujua mguno huo vizuri sana. Dawa yake ni transfoma ndogo ya sauti, mmoja kwa mmoja, ohmu 600, iliyowekwa katikati ya waya ili sauti ivuke bila shaba kugusana na shaba. Mpya ni shida kuipata Arusha. Lakini zile modemu za zamani za simu ya mezani, zilizojaa kwenye maboksi ya mafundi wa vifaa chakavu, ndani zina transfoma ya aina hiyohiyo, na fundi atakuuzia modemu nzima kwa bei ya soda huku akikushangaa.

Chukua mstari mmoja wa rangi kali unaokata katikati ya uso wa mtu. Hiyo ni meseji. Kweli kabisa: kompyuta yako imepata ujumbe, imelia "ting", na "ting" ile imepitia kwenye waya, ikaingia redioni na kurushwa dunia nzima. Niliwahi kupokea picha ya bibi harusi kutoka kwa jamaa wa nje, nzuri, shela na maua, na shavuni ana mfululizo wa chale za kijani. Kwa kuzihesabu chale ungejua amepata meseji ngapi. Zima sauti zote za kompyuta, au nunua kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka, iwe ya redio peke yake. Mimi nilinunua.

Na ukiona kompyuta inaganda kila unapoanza kurusha, usiikimbize kwa fundi wa kompyuta. Nguvu za antena zimerudi kupitia waya. Vunja kebo ya skrini iliyokufa, toa lile pipa jeusi la feraiti, uuzungushe waya wako ndani yake mara kadhaa.

Haya yote ni madogo ukilinganisha na kiwango cha sauti. Hapo ndipo mjomba wa bwana harusi anapokaa.

Nilifundishwa na mzee mmoja wa Usa River, mstaafu aliyetumia maisha yake na redio za mawasiliano tangu zikiwa na valvu. Chumba chake kina harufu ya risasi ya kuchomelea na kahawa. Kompyuta haipendi, lakini nilipompelekea ya kwangu mara ya kwanza hakuigusa wala kuitazama. Alitazama redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, rusha, lakini kwenye ile," akanionyesha mzigo bandia, lile kopo linalomeza nguvu zisitoke hewani.

Nikarusha. Akaweka kidole juu ya kioo cha mita, kidole chenye ukucha uliopasuka katikati, akasubiri. Sindano ya ALC ikapanda na kukaa.

"Punguza."

Nikapunguza. Ikashuka kidogo.

"Punguza bado. Nataka ilale kabisa, iwe inashtukashtuka tu."

"Mzee, nguvu inaisha. Nasoma wati 20, na redio hii ni ya 100."

"Wewe unataka zifike wati au ifike picha?"

Maelezo alinipa baadaye, na ni maelezo ambayo mtu wa miksa anayaelewa bila kuchorewa. ALC ni mkono wa redio wenyewe unaoiminya sauti ikizidi. Kwa maneno ya mdomo haidhuru, tunasikia tu kama mtu anasisitiza. Lakini makumi ya mawimbi madogo yanapokwenda pamoja, mara kwa mara yanaangukiana yote kwa wakati mmoja na kutoa kilele kirefu sana, halafu yanatawanyika. Wati 20 unazozisoma ni wastani. Vilele vimeshafika 100. Ukiongeza, redio inavikata vilele, na wimbi lililokatwa linamwagika kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, mpaka hakuna kompyuta inayoweza kutambua nani alisema nini. Unakuwa na sauti kubwa zaidi angani na picha hakuna.

Analogi ina tatizo la upande wa pili. Pale mluzi ni mmoja, nguvu haishuki hata kidogo kwa sekunde zote 114, na redio iliyobuniwa kwa mtu anayeongea na kupumua inageuka pasi. Kwa hiyo hapo nako unashusha, nusu ya nguvu inatosha, ila sababu ni joto. Na kwenye mitindo yote miwili unazima kile kitufe cha kuinenepesha sauti ya maiki. Hicho ni mjomba aliyefungiwa ndani ya boksi na kiwanda.

Sasa nirudi kwenye mlima, maana una haki yake. Kutoka kwangu, kilele cha Meru kiko umbali wa kama kilomita 15, na kimeinuka kama nyuzi 12 juu ya upeo. Mawimbi mazuri ya kwenda mbali hutoka chini kabisa, karibu ya kulala, ili yaruke hatua ndefu kati ya ardhi na tabaka la juu la anga. Upande huo mlima unayaziba. Yanayopita ni yale yanayotoka kwa mwinuko, hatua zake ni fupi, zinakuwa nyingi zaidi, na kila hatua inapunguza nguvu. Upande wa mashariki hali ni nyingine. Kilimanjaro pamoja na mita zake 5,895 iko mbali, haifiki nyuzi 4 ikionekana kutoka hapa, na jioni fulani vituo vya Asia vinaingia kana kwamba viko Maji ya Chai.

Ukitaka kujua ni nchi gani hasa iko nyuma ya Meru, chukua ramani, chora mstari kutoka Tengeru upite karibu na kilele, uendelee nao. Baada ya kilomita zaidi ya 6,000 utatokea Poland.

Wenyeji wa hapa watakuwa wameshatabasamu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, kuanzia mwaka 1942, Tengeru ilipokea wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda Urusi, wakatoka kupitia Uajemi, wakaletwa Afrika Mashariki. Walifika kama 5,000, na kambi yao ilikuwa kubwa kuliko kambi nyingine zote za Wapolandi katika bara hili. Walijenga shule, kanisa na hospitali. Vita ilipokwisha wengi waliondoka kidogokidogo. Makaburi yao bado yapo, yanatunzwa, ndani ya eneo la chuo cha mifugo.

Mimi huandika neno TENGERU kwa herufi kubwa juu ya kila picha ninayorusha, chini ya alama yangu ya wito inayoanza na 5H kama za Watanzania wengine. Jioni moja kwenye megahezi 14.230, ambako ndiko watu wa analogi hukutania, nilirusha picha ya migomba na kahawa, na kituo cha Poland kikaniita kwa sauti. Alikuwa na swali moja. Hiyo Tengeru ni ile Tengeru?

Nikamwambia ndiyo ile.

Akaomba tuhamie megahezi 14.233, kwa wenye kidijitali, anitumie kitu. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kile ambacho mzee alikuwa akikisema. Mawimbi yake kwenye skrini yangu yalitakiwa kuwa mkanda mmoja wenye kingo zilizonyooka. Badala yake mkanda ulikuwa na mabega, umevimba huku na huku, rangi imemwagika nje ya kingo. Kwenye programu kuna taa mbili ambazo ukizijua zinakuambia karibu kila kitu: ya FAC, ile njia ndogo inayobeba alama ya wito na maelezo ya mtindo, na ya MSC, inayobeba picha yenyewe. FAC daima inakwenda kwa hatua 4, ngumu kuvunjika. Ya kwake ilikuwa ya kijani, alama yake ya wito nikaisoma vizuri. MSC nyekundu tangu mwanzo hadi mwisho. Kipande hata kimoja sikupata.

Nikamwambia nimeona jina lako, picha sijaona, punguza sauti kwenye kompyuta. Akasema hapana, ni mlima wenu, maana nilikuwa nimeshamsimulia habari za Meru. Nikamwambia mlima haujui kutofautisha FAC na MSC, tafadhali punguza. Akacheka, akapunguza. Sindano ya mapokezi kwangu ikashuka kweli, wimbi likawa dhaifu kuliko mwanzo, mabega yakayeyuka, na taa ya pili ikawa ya kijani. Picha ikajengeka: antena yake juu ya paa, theluji kila mahali. Vipande vichache vilikosekana, nikamtumia orodha, akarudia, ikajaa.

Aliniomba nimpigie picha makaburi. Nikaenda siku ya katikati ya wiki, nikaomba ruhusa getini, nikapiga lango, misalaba, na safu za mawe meupe kwenye nyasi. Kuchagua ya kurusha kulinichukua muda kuliko kupiga, maana picha ya simu ina megabaiti kadhaa na ya redio inatakiwa ibaki kilobaiti kama 20. Ukibana hivyo nyasi zote zinakuwa uji, na majina kwenye mawe ndiyo ya kwanza kufutika. Nikachagua lango, kwa sababu maandishi yake ni makubwa, halafu nikakata kaburi moja peke yake lijae picha nzima. Kipande kidogo kikitazamwa kwa karibu kinafaa kwenye redio kuliko uwanja mzima.

Nilirusha kwa hatua 16. Orodha aliyonirudishia ilikuwa ndefu kiasi kwamba ingekuwa rahisi kuniambia alichopata. Hiyo sasa ilikuwa kazi ya mlima, na ya jua lililokuwa linazama huko kwake. Nikashuka hatua 4, nikarudia vilivyokosekana, orodha ikawa fupi, nikarudia tena. Kaburi lilifika kamili. Lango lilibakiza vipande viwili wakati bendi, yaani masafa yale tuliyokuwa tukiyatumia, inafunga, na vipande viwili vikikosekana picha haifunguki vizuri. Siku iliyofuata nilimtumia lango kwa barua pepe kama watu wengine wote duniani.

Kuna jambo la kelele ambalo halina dawa ya waya. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu, vibanda vya kuchomelea geti: vyote vinapiga kelele kwenye masafa mafupi, na Tengeru ya leo si ile ya miaka kumi nyuma. Ndiyo maana redio yangu inakula betri ya sola. Umeme ukikatika mtaa mzima unalalamika, jenereta zinatafutwa, na mimi nawahi kwenye kiti, maana bendi inanyamaza ghafla na vituo ambavyo sikujua vipo vinaanza kuchomoza. Sijamwambia jirani yeyote kwamba nafurahi.

Kwa anayetaka kuonja bila gharama, aanze kwa kupokea. Kituo cha anga za juu cha kimataifa, kinachozunguka dunia kwa kama dakika 90 kikiwa juu kiasi cha kilomita 400, kwa nyakati maalumu zinazotangazwa hurusha picha za analogi kwenye megahezi 145.800, kwa FM ya kawaida, mara nyingi kwa mtindo wa PD120 wa dakika mbili na kidogo kwa picha. Kinapita juu yako kwa kama dakika 10 kikipita vizuri. Redio ndogo ya mkononi inatosha kukisikia. Kwenye simu weka programu ya Robot36 ya Ahmet Inan, nayo inatambua PD120 vilevile, sogeza simu kwenye spika, subiri.

Kuna chalii mmoja wa Usa River, muosha magari, ambaye ndivyo alivyoanza. Alinitumia picha yake ya kwanza kutoka angani kwa mbwembwe zote. Ilikuwa imekuja vizuri, isipokuwa sehemu ya chini imechanwachanwa na mistari minene ya zambarau. Nikamuuliza kulikuwa na nini pale. Akafikiri.

"Jogoo wa jirani, kaka. Aliwika."

Maiki ya simu haichagui. Nikamweleza habari ya waya, resista mbili za kushusha sauti ya spika mpaka simu iweze kuivumilia, akaandika. Ndipo akauliza habari za leseni, nikamwambia aende TCRA, mamlaka ya mawasiliano, asikurupuke kurusha kabla ya kuipata. Akauliza akiipata atarusha nini.

"Chochote, mradi kisiwe biashara na kisiwe siri. Huruhusiwi kuficha maana ya unachorusha, wala kujitangaza."

"Hata bango la kuosha magari?"

"Hata bango."

Akakaa kimya kidogo.

"Basi nitamrusha jogoo."